Kitofali cha Mdogo Wake

Maabarani kwetu tulimwita Bahili, na yeye aliitika bila kinyongo. Si kwamba alikuwa mchoyo wa vitu vyake. Chai yake ulikunywa bila kuomba, na koti lake la mvua nimelivaa mimi kuliko alivyolivaa yeye. Ubahili wake ulikuwa wa nyama za watu. Naandika habari zake kwa sababu ya kitofali kimoja cha nta ambacho kingeweza kumpatia mdogo wake dawa ya mwisho, na hakikumpatia, na mimi nilikuwapo.

Alikuwa fundi wa kukata tishu, kazi ambayo watu wengi hata hawajui kama ipo. Daktari akichomoa kinyama kwenye titi au shingo ya mgonjwa, kinalowekwa kwenye formalini, dawa ya kuzuia kuoza, kinatolewa maji yote, kinazamishwa kwenye nta ya moto. Nta ikiganda unapata kitofali cha kutosha kiganjani, na kinyama kiko katikati yake. Bahili alikifunga kitofali hicho kwenye mashine, akazungusha mpini, na wembe ukatoa utepe mwembamba kuliko unywele. Aliupeleka kwa brashi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ukajinyoosha, akauvua kwa kioo chembamba cha slaidi, akautia rangi, akampelekea daktari wa kusoma. Yeye mwenyewe hakusoma. "Mimi nakata tu," alikuwa akisema. "Kusoma kuna wenyewe."

Mimi ni karani wa chumba cha vitofali, mlango wa pili kutoka kwake. Vitofali vyote vikishakatwa vinarudi kwangu, kwenye makabati ya chuma yenye droo nyembamba, na kila kinachotoka tena kinaandikwa kwenye daftari: namba, tarehe, jina la anayekichukua, na saini yangu. Tumekaa mlango kwa mlango miaka kumi na sita, hasira zake zote nazijua. Kubwa kuliko zote ilikuwa mtu kurudisha kitofali kwenye mashine mara ya pili bila sababu. Kitofali ukishakifungua, alieleza, hakirudi kamwe kwenye mkao wake ule ule. Kinakaa upande kidogo, usioweza hata kuuona kwa macho, na ili wembe uushike uso wote tena inabidi upunguze, upunguze, upunguze. Unapata utepe mmoja mzuri, na kumi na tano au ishirini zimekwenda kwenye ndoo.

"Fikiri kwanza," aliwaambia wanafunzi wote waliopita pale. "Kata zote kwa mkao mmoja, kisha kipeleke kwa Karani kikapumzike. Kuna siku kitahitajika."

Mara moja alimfokea mkuu wa idara mbele ya watu kwa kosa hilo hilo. Mkuu alinung'unika kwamba huyu mtu ana mkono wa birika. "Nyama si yangu, bosi," Bahili akamjibu. "Ingekuwa yangu ningekupa hata paja." Nilicheka hadi nikatoka nje.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya alikuja kwetu daktari mtafiti, mama mfupi anayeongea haraka kama anayewahi basi, akitaka vitofali vya zamani vya wagonjwa wa saratani. Sisi hatukuzoea mtu wa kutafuta vitu vya zamani. Siku ya tatu nilimwekea chai mezani kwangu nikamuuliza anatafuta nini hasa humo, maana wengi wa wenye vitofali hivyo walikwisha kufa.

"Natafuta vijipande vidogo sana," akasema. "Vinaitwa mikroRNA. Chukulia kwamba kila seli inaendeshwa kwa barua. Jeni zinaandika barua, barua zinasomwa, kazi inafanyika. Sasa hivi vijipande kazi yake ni kuzidaka barua kabla hazijasomwa. Barua ikidakwa, imekwisha, agizo halitekelezwi."

"Kumbe ni makarani wanaokalia mafaili," nikasema.

Alicheka sana. "Ndiyo hao. Na mwili unawahitaji, usidhani. Kuna wanaokalia barua inayosema gawanyika, gawanyika. Hao wakipungua, barua zote zinapita na uvimbe unakua. Halafu kuna wengine, wakizidi, wanaikalia barua inayosema kaa hapo ulipo, shikana na wenzako. Seli isiyoipata barua hiyo inang'oka, inaingia kwenye damu, inakwenda kuanza maisha mapya kwenye ini au kwenye mfupa. Hapo ndipo tunapopoteza watu."

Bahili alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Kwa hiyo karani mmoja anaweza kuua mtu," akasema, akinitazama mimi.

"Akinyamazia barua asiyotakiwa kuinyamazia, anaweza."

Tulicheka sote watatu. Bahili alifurahishwa zaidi na jambo jingine. Daktari alimweleza kwamba barua zenyewe hukatikakatika zikikaa miaka ndani ya nta, lakini vile vijipande, kwa udogo wao, vinadumu, na kitofali cha miaka kumi bado kinaweza kueleza nini kilimsibu mwenyewe. Ila lazima kiwe na nyama. Na vitofali vyetu, tofauti na vya hospitali nyingine alizopita, vilikuwa na nyama. Siku hiyo Bahili alitembea amenyanyua mabega. "Unaona?" akaniambia. "Kuna siku kinahitajika."

Hakuwa na mke. Alikuwa na mdogo wake. Wazazi wao walifariki yeye akiwa na miaka kumi na saba, binti akiwa na sita, akamlea mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe, vibaya, kama binti alivyopenda kusimulia. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na moja, fundi cherehani mwenye chumba kinachotazama barabara, mashine mbili na redio. Ndiye aliyetushonea makoti ya maabara. Mara ya mwisho aliponipima alizungusha futi kiunoni akatikisa kichwa. "Dada Karani, naona urefu ulishaacha. Sasa unakua pembeni." Nilimpenda. Nasema wazi ili ijulikane naandika nikiwa upande gani.

Uvimbe kwenye titi aliuhisi msimu wa sare za shule akasema sare kwanza. Baadaye zikaja nguo za harusi, kisha sare tena. Alipomwambia kaka yake, uvimbe ulikuwa umeshafika kwapani. Walimchoma sindano nene, wakachomoa nyuzi tatu za nyama, kila mmoja mfupi kama ncha ya kidole. Ndicho kilichokuwamo kwenye kitofali chake, nyuzi hizo tatu tu.

Utaratibu wetu ni kwamba ndugu hakati nyama ya ndugu yake. Bahili alifunga mlango akakata. Alitoa slaidi nne kwa mkao mmoja, kama alivyofundisha, akaniletea kitofali kikiwa bado kimejaa. Daktari wa kusoma hakuchukua hata nusu saa. Ilikuwa saratani.

Wakamwanzishia dawa za saratani za kuingizwa mishipani. Nywele zikanyonyoka, akajishonea kofia nane, moja kwa kila siku na ya ziada ya kumkera kaka yake kwa rangi yake.

Jumamosi ya kwanza baada ya majibu, saa saba mchana, maabara ikifungwa, Bahili alikuja kwenye dirisha langu. "Nipe kile," akasema. Hakutaja namba. Niliivuta droo, akaandika kwenye daftari, nikatia saini. Baada ya saa moja alikirudisha, akaniaga, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata.

Nilijiambia anataka kukaa nacho tu, kama mtu anavyokaa na picha. Lakini ukuta kati yetu ni wa mbao, na nikiwa mkweli, nilisikia mpini ukizunguka. Nilisikia, nikapanga mafaili yangu. Nilijiambia huyu ni fundi kuliko sisi sote, anajua anachofanya. Na nilimwonea huruma, na huruma ikanifunga mdomo. Yeye alinifundisha mimi mwenyewe kwa miaka kumi na sita maana ya kukirudisha kitofali kwenye mashine, na mimi sikumwuliza hata mara moja, kwa nini?

Alikuja Jumamosi kumi na nne. Ya kumi na tano hakuja. Nilifurahi. Nilidhani moyo wake umepoa.

Mwezi wa tano wa dawa, mdogo wake alianza kulalamika mgongo. Alisema ni cherehani. Picha zikaonyesha saratani imeingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Dawa zilikuwa zinamiminwa juu ya ugonjwa ambao haukuzijali. Bahili aliendelea kuja kazini saa moja na nusu kila siku, akanyoa ndevu, akakata nyama za wengine bila kupoteza hata chembe.

Jumatatu moja daktari mtafiti aliingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, Bahili nyuma yake. Alikuwa na karatasi mkononi na uso wa mtu aliyekimbia ngazi.

"Fundi, nisikilize vizuri," akamwambia. "Kuna dawa ya majaribio. Kuna aina moja ya vile vijipande, ile inayokalia barua za kukua, ambayo baadhi ya uvimbe huwa umeipoteza kabisa. Hii dawa inairudisha. Inaingizwa upya mwilini. Siahidi kwamba atapona. Kwa panya imefanya kazi, kwa watu ndiyo kwanza wanaanza. Lakini wanapokea wagonjwa wa aina yake, na orodha inafungwa Ijumaa."

"Wanataka nini?" Bahili akauliza.

"Ushahidi kwamba uvimbe wake umeipoteza hiyo. Na lazima upimwe kwenye nyama iliyotolewa kabla ya matibabu, kwa sababu dawa hubadilisha kila kitu humo ndani. Ukimchoma leo hawapokei, nimeshauliza. Wanahitaji tepe kumi tu, zisizotiwa rangi. Kumi. Kwako ni kazi ya dakika tano."

Nilimgeukia Bahili nikitegemea kumwona ameshaelekea kwenye droo. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Dada," akaniambia. Hakuwahi kuniita hivyo, siku zote nilikuwa Karani. "Kitoe."

Nilikitoa. Daktari alikichukua akakielekeza dirishani, akakigeuza huku na huku. Nta ilikuwa nyeupe, safi. Katikati kulikuwa na alama tatu ndogo kama vumbi pale nyuzi zilipokuwa.

"Hakuna kitu humu," akasema.

"Hakuna," Bahili akakubali.

"Nani aliyekimaliza?"

Bahili alitoka. Tulisikia droo yake ikifunguliwa. Alirudi na sanduku la mbao la slaidi akaliweka juu ya daftari langu. Zilikuwa kumi na nne, zimetiwa rangi ya zambarau na pinki kwa ustadi wake ule ule, na kila moja imeandikwa tarehe ya Jumamosi kwa penseli. Kila Jumamosi slaidi moja. Mengine yote yaliingia kwenye ndoo.

Daktari hakupaza sauti. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Mahali ambapo si saratani."

Bahili aligusa kifuniko cha sanduku.

"Nilidhani nikienda ndani kidogo nitaona inapoishia," akasema. "Hata mahali padogo. Nikatazama, sikuona. Wiki nzima nikawa nawaza labda ni ndani kidogo tena."

"Lakini wewe husomi, Fundi. Ungejuaje?"

"Najua sisomi. Ndiyo maana sikuweza kuacha."

Daktari alikaa kwenye kiti changu. Akavuta daftari kutoka chini ya sanduku, akafungua kurasa za miezi ile, kidole chake kikashuka: namba ile ile, mkono ule ule, na kando yake, mara kumi na nne, saini yangu, nzuri, yenye mkia ninaojivunia.

"Na wewe uliona?" akaniuliza.

"Niliona."

Alilifunga daftari akanirudishia. Afadhali angenitukana.

Alizichukua zile slaidi kumi na nne. Alisema atakwangua kilichopo, atakipeleka, atawaomba. Siku mbili nilizoea tena kupumua. Jumatano jioni alirudi na sanduku akalirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha sahani ya wenyewe. Kilichokwanguliwa kilikuwa kidogo mno, rangi na dawa zake zilishakiharibu, mashine haikusoma chochote. Na hata kingesomeka, wenye jaribio walisema wanataka tepe safi kutoka kwenye kitofali na si vinginevyo. Ijumaa orodha ilifungwa.

Jumamosi Bahili aliniomba tufuatane kwa mdogo wake. "Nikiwa peke yangu sitasema," akasema. Nilitaka kukataa. Nilikwenda.

Alikuwa amehamishia kitanda chumba cha mashine ili asikie barabara. Mgongo ulikuwa haumruhusu kukaa. Juu ya cherehani kulikuwa na shati limeshonwa mkono mmoja, wa pili umebanwa kwa pini. Alikuwa amekonda hadi kofia ilimshuka kwenye nyusi. Alijua habari za dawa. Daktari mtafiti alikuwa amemweleza mwenyewe Jumatatu ile asubuhi, kabla hajaja kwetu, na tangu siku hiyo alikuwa anasubiri.

"Haya, niambieni," akasema. "Naona mmekuja wawili, kama watu wa posa."

Bahili alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza yote, kuanzia Jumamosi ya kwanza. Hakujitetea. Alimweleza kuhusu mkao wa kitofali, na wembe, na ndoo. Alieleza kwa utaratibu kama anavyowaeleza wanafunzi, na nilitamani anyamaze.

Alipomaliza, mdogo wake aliisukuma kofia juu ya nyusi. Nje mtu alikuwa anapiga honi.

"Jumamosi zote hizo," akasema, "mimi nilidhani una mwanamke. Nikafurahi. Nikasema moyoni, nikifa hatabaki peke yake."

Bahili aliinamisha kichwa kwenye godoro.

"Ungeniuliza mimi, Kaka. Ningekwambia iko kote. Mimi ndiye ninayelala nayo."

"Nisamehe, mama."

Alimwekea mkono kichwani. Nilidhani sasa atasema amesamehe, na sote tutalia, na itakuwa nafuu kidogo. Aliutoa mkono.

"Mimi nilikuwa naitaka ile dawa," akasema. "Hata kama ni ya panya. Nilikuwa naitaka sana."

Kisha alituomba tumgeuze upande wa ukuta, tukamgeuza, taratibu, Bahili mabegani na mimi miguuni. Hakuongea tena siku hiyo. Siku zilizofuata aliongea, alitania hata, alinidai nirudishe pini zake nilizoondoka nazo kwa bahati mbaya. Jambo lile hakuligusa tena. Sijui kama alimsamehe. Bahili naye hajui, na hakuna wa kumwuliza.

Alifariki wiki ya tisa baada ya Jumamosi ile, saa nne asubuhi, mgongo ukimuuma hadi dakika ya mwisho. Tulimzika. Shati la mikono miwili isiyolingana lilikuja kuchukuliwa na mwenyewe, akasema atalimalizia kwingine.

Watu wa kazini walimwambia Bahili kwamba huenda dawa isingesaidia. Ni kweli, huenda isingesaidia. Nilimwona akitikisa kichwa kukubali, kwa adabu, kila mara alipoambiwa. Mimi hakuna aliyeniambia kitu, kwa sababu hakuna aliyenihesabu, na nilitaka kuhesabiwa. Nafikiria sana wale makarani wa daktari, wanaokalia barua moja tu, kimya, bila ubaya wowote, na mtu anakufa. Swali langu lilikuwa fupi kuliko barua yoyote. Kaka, unakikata tena? Lingetosha Jumamosi ya kwanza, lingetosha hata ya saba.

Sheria yetu ni kwamba kitofali hakitupwi, hata kikiisha. Kinakaa kwenye droo na namba yake miaka yote iliyoandikwa. Nilifikiri sitakiona tena.

Jumamosi ya pili baada ya maziko, saa saba mchana, nilikuwa nafunga kabati. Bahili alikuja dirishani. Alikuwa amevaa koti la maabara aliloshonewa na mdogo wake, limepigwa pasi.

"Nipe kile," akasema.

Nilimtazama. Safari hii nilikuwa na la kusema, na muda nilikuwa nao, na mdomo nilikuwa nao. Nilivuta droo nikampa. Aliandika namba na tarehe, akaniachia nafasi yangu kando. Nikatia saini. Baada ya kitambo kidogo, nyuma ya ukuta wa mbao, nikasikia mpini unazunguka.